Biti Thelathini na Mbili

Mwanvita alikuwa ameshaacha kazi ya stesheni kule Mwembesongo, akijua ajira ya fundi kompyuta kwenye ushirika wa mboga Mlali ni yake. Lilibaki jambo moja tu, programu yake ya mauzo ifunguke kwenye kompyuta zao. Basi akampigia simu katibu wa ushirika, Mzee Kibwana.

"Shikamoo mzee. Eti mashine zenu ni biti ngapi?"

"Biti? Unanipiga biti mimi, mtu wa umri wa baba yako?"

Loo! Mzee alisikia vitisho vya wahuni wa mjini, kumbe mwenzie anauliza kama mfumo ni wa zamani, biti thelathini na mbili, au mpya, sitini na nne. Simu ikakatwa na haikupokewa tena.

Ikabidi amfuate Hafidhi, aliyezifunga kompyuta zile. Na Hafidhi naye aliitaka kazi hiyohiyo.

"Sitini na nne, dada. Kwani hukuona stika?"

Stika haikudanganya, prosesa, ubongo wa mashine, ilikuwa mpya. Ila ndani ya mashine, Hafidhi, kwa mkono wake, alikuwa ameweka Windows ya thelathini na mbili, isiyofungua programu za sitini na nne. Mtu mbaya yule! Alimtazama dada wa watu usoni, akamficha. Mwanvita akakompaili, yaani akaiunda programu yake iwe ya sitini na nne, akaenda Mlali kifua mbele.

Mbele ya kamati akabonyeza. Kompyuta ikaandika kwamba haiwezi kuifungua.

"Huyu ndiye aliyenipiga biti," Mzee Kibwana akasema, na kamati nzima ikaangua kicheko.

"Nipeni nusu saa nikompaili upya." Mwanvita akaomba. Mafaili ya kuundia programu ya thelathini na mbili hakuwa nayo, na mtandao ulikuwa unasuasua. Akamgeukia Hafidhi, naye aliyekuja kujaribiwa. "Kaka, unayo kwenye flashi?"

"Sina." Kisha akaitoa flashi mfukoni, akaichomeka, akafungua programu yake mwenyewe, mbovumbovu, inayojua kujumlisha tu. Wakampigia makofi.

Kazi wakampa palepale, wakatoka uani kula pilau. Hakuna aliyemkaribisha Mwanvita. Aibu ilimwasha hadi masikioni, lakini hakuinuka, akapakua mafaili mtandaoni, akakompaili. Wenzake walipofika kwenye soda, programu yake ikafunguka, safi kabisa.

"Imekubali! Jamani, imekubali!"

Mzee Kibwana akachungulia mlangoni, akijichokonoa meno.

"Basi muachie Hafidhi aitumie," akasema. "Halafu zima, tunafunga ofisi."