Hodi kwa Watu Mia Sita

Mashine yangu ilianza kuangusha vitanzi wiki tatu kabla ya shule kufunguliwa, na Mwalimu Zipora alikuwa ameshanipa vipimo vya watoto arobaini.

Masweta arobaini ya kijani, mikono mirefu, shingo ya pembe. Shule yake ndogo iko Mkonze, mahali pa wazi, na anayeijua Dodoma anajua upepo wa mwezi wa saba unavyomkuta mtoto asubuhi akiwa na shati tu. Mwalimu aliniambia, "Mama Jamali, Jumamosi ya kabla ya kufungua nakuja kuyachukua. Nikiyakuta tayari, kila mwaka masweta ya shule ni kazi yako. Nisipoyakuta, naagiza ya Dar yaliyokwisha kushonwa, na tusilaumiane." Ilikuwa kazi yangu ya kwanza. Mimi na mume wangu Shaban, ambaye siku nyingi yuko njiani na malori, tulikuwa tumekubaliana: nikishindwa hii, mashine inauzwa, narudi kwenye karanga za kukaanga.

Kwa asiyeijua, mashine ya kufumia ni chuma kirefu kinacholazwa mezani. Kina sindano mia mbili zimejipanga mstari mmoja, na juu yake kuna kigari unachokisukuma kulia na kushoto. Kila kikipita, sindano zote zinafuma kwa pamoja, kila moja na kitanzi chake cha uzi. Niliinunua kwa sista mmoja wa misheni aliyekuwa anarudi kwao. Kitabu chake kilikuwa kimepotea zamani. Miezi yote ya kujifunza ilinitii. Halafu siku moja kitanzi kimoja kilidondoka, kesho yake vitano, na sweta la kwanza la Mwalimu Zipora likatoka na matundu ya kupitisha mkono.

Fundi William, anayetengeneza cherehani pale Majengo, alikuja. Akatia mafuta. Akabadili sindano tatu. Akatia mafuta tena. Siku ya nne alifuta mikono akasema, "Dada, cherehani naijua. Hii siijui, na yenyewe inajua kwamba siijui."

Mama mkwe wangu, Bi Adija, alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele, Jamali akimvuta ushungi.

"Imechoka hiyo," alisema. "Hata mimi nikifika umri wake mtanikuta naangusha vitu."

"Mama, wewe umeshaupita umri wake."

"Ndiyo maana nakwambia. Mwenye kuchoka ananijua na mimi namjua."

Tulicheka, lakini baada ya kucheka niliiangalia ile mashine nikahisi machozi. Nilisoma masomo ya jioni miaka miwili, mimba ya Jamali nikaibeba darasani, nikafika kidato cha pili na Kiingereza cha kuungaunga. Watu walikuwa wananiita mama Jamali, mke wa Shaban, mkwe wa Bi Adija. Nilitaka kabla sijazeeka mtu mmoja aniite fundi.

Nikamkumbuka Joha. Tulikaa dawati moja kwenye masomo ya jioni, na sasa alikuwa anafanya kazi kwenye kafe ya intaneti, njia ya kwenda stendi. Mwaka ule, elfu mbili na moja, mjini kafe zilikuwa za kuhesabu, na wengi waliokuwa wanaingia ni wanafunzi na watu wa maofisini wakati wa Bunge. Mimi nilikuwa nimeingia mara moja tu, Joha aliponifungulia anwani ya barua pepe. Anwani hiyo ilikaa miezi bila mtu wa kuiandikia.

Nilikwenda na Jamali mgongoni.

"Andika unachotafuta," Joha alisema, akanisogezea kiti. "Andika kama unaongea na mtu mwenye haraka. Maneno matatu, manne."

Niliandika jina la mashine na namba iliyochorwa pembeni yake, nikaongeza kwa Kiingereza: inaangusha vitanzi. Tulisubiri. Kompyuta ilikuwa inasaga polepole, kile kidubwana cha saa ya mchanga kikageuka na kugeuka. Kisha maandishi yakashuka, mstari baada ya mstari, na katika mstari wa sita nikaona namba ya mashine yangu. Ileile. Tarakimu zilezile nilizokuwa nazifuta vumbi kila asubuhi kwa kitambaa cha Jamali.

"Joha," nikasema, "wanaijua."

"Nani?"

Hapo ndipo tuliposhangaa sote wawili. Lilikuwa kundi la mafundi wa kufuma kwa mashine, wanaoandikiana barua pepe. Ukiandika moja, inawafikia wote. Joha alinisomea idadi: watu mia sita na kumi na wawili. Wengine Kanada, wengine Ajentina, wengine visiwa ambavyo mwalimu wetu wa jiografia hakuwahi kuvitaja. Watu mia sita wenye mashine mezani! Mimi nilikuwa nikidhani Dodoma nzima niko peke yangu, na nilikuwa sahihi. Kumbe duniani tulikuwa kijiji kizima.

Nilijiandikisha. Nikaambiwa sasa naweza kuandika. Nikanyoosha vidole nikaandika kwa Kiingereza changu, kwa muda mrefu, Joha akisoma juu ya bega langu:

"Hodi. Naitwa Shamimu, wa Majengo, Dodoma, Tanzania. Nina mtoto mmoja, Jamaldini, ana mwaka na miezi minne. Habari za huko kwenu? Watoto hawajambo? Mvua zilikuwaje mwaka huu? Huku kwetu zilikuwa chache lakini uwele umepatikana. Walio wakubwa kwangu nawaamkia. Mimi ni mgeni wenu, nipo mlangoni."

Nikabonyeza kutuma.

"Mbona hujauliza kuhusu mashine?" Joha alisema.

"Hawajanikaribisha."

"Shamimu! Hawa ni watu mia sita!"

"Sasa utaingiaje kwa watu mia sita bila hodi? Hata kwa mmoja huingii."

"Bibi wee, huko hakuna mlango. Ni waya wa simu."

"Mtu akiwa upande wa pili, ni mlango," nikasema, nikambeba mwanangu tukaondoka.

Kesho yake hakukuwa na kitu. Kesho kutwa hakukuwa na kitu. Bi Adija aliniuliza wamesema nini, nikamwambia bado wananiangalia dirishani. Zilikuwa zimebaki siku kumi na tatu. Nilianza kuhesabu sweta kwa siku, nikaacha kuhesabu.

Siku ya tatu Joha aliniona tangu niko nje ya mlango. "Njoo! Njoo uone ulichofanya."

Barua kumi na saba. Zote zangu. Nilikaa nikazifungua mojamoja, Jamali mapajani, kamusi ya kuazima pembeni. Mmoja aliniambia kwao mvua imepitiliza, vyumba vya chini ya nyumba vimejaa maji. Mwingine ana wajukuu watano na mmoja anaota meno, je, Jamali wangu ameshaota mangapi? Mzee mmoja aliandika kwamba mkewe ndiye aliyekuwa mfumaji, amefariki, na yeye amejifunza ili nyumba isikae kimya. Sikujua kwamba kitu kinachosagasaga vile, chenye mwanga baridi wa bluu, kinaweza kubeba jino la mjukuu na maziko ya mke.

Hakuna hata mmoja aliyetaja mashine. Wangetajaje? Sikuwaambia.

"Sasa, wamekukaribisha au bado?" Joha akauliza, mikono kiunoni. "Maana naona umetembelea dunia nzima na sweta bado lina matundu."

Barua ya kumi na saba ilikuwa ya mama mmoja, jina lake Marit, wa Norwe, kaskazini kabisa. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza kama changu, nikamwelewa bila kamusi.

"Mimi ni mzee, kwa hiyo salamu yako ya wakubwa nimeipokea. Miaka miwili nipo humu. Watu wanatupa maswali kama wanatupa mawe dirishani, wanachukua jibu wanaondoka. Hujaniuliza kitu ila habari za nyumbani. Nikakaa nikafikiri mtu huyu lazima ana shida, ila amelelewa. Karibu ndani. Keti. Sasa sema, umekuja na nini?"

Nikamwambia yote. Vitanzi, Fundi William, mafuta, watoto arobaini, Jumamosi.

Jibu lake lilikuja kesho yake. Lilikuwa swali moja: nikibonyeza sindano kwa kidole, inanisukuma, au inalegea?

Nilikimbia nyumbani. Sindano ya kwanza, imelegea. Ya pili, imelegea. Nilizipitia mpaka mwisho, zote zilikuwa zinacheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Wiki nzima tulikuwa tunatazama uzi na mafuta, na mama wa Norwe, ambaye hajawahi kuiona meza yangu, amekielekeza kidole changu mwenyewe mahali pa kugusa.

Nilimsimulia Bi Adija jioni ile tukiwa jikoni. Nikamwambia pia kwamba Marit ameandika saa sita usiku na jua likiwa dirishani mwake, kwa sababu huko mwezi wa sita jua halizami.

Bi Adija aliacha mwiko ndani ya sufuria. "Halizami kabisa?"

"Kabisa, mama."

"Na isha wanaswali saa ngapi?"

"Sijamuuliza."

"Muulize. Mtu anakaa kwenye jua la usiku anashughulika na mashine yako, na wewe hujamuuliza hata anaswali saa ngapi." Kisha akatikisa kichwa, akasema taratibu, "Subhanallah. Jua la usiku."

Nilipomwandikia Marit kwamba zimelegea zote, alinitumia picha. Sitaisahau picha ile. Waya wa simu ulikuwa mwembamba kwa kitu kikubwa namna hiyo, ikawa inashuka kidogokidogo kutoka juu: kwanza ukuta mweupe, halafu ukingo wa dirisha na mwanga wa jua, halafu meza. Joha aliacha wateja akaja kusimama nyuma yangu. Ikashuka tena, likatokea jina la mashine. Ikashuka tena, mkono. Mkono wa kizee, wenye mishipa na pete iliyochakaa, umeshika ncha ya ubapa wa chuma unaotoka ubavuni mwa mashine, mahali ambapo nilikuwa nimepitisha kitambaa mara mia nikidhani ni urembo tu.

Jamali alinyoosha kidole akaugusa ule mkono kwenye kioo. "Bibi," akasema.

Chini yake Marit alikuwa ameandika: "Ndani ya chuma hiki kuna ukanda wa sponji. Ndio unaozikandamiza sindano. Sponji hufa kwa umri, hata mashine ikikaa bure. Ukikosa ya dukani, tafuta sponji yoyote laini, kata ukanda mwembamba kama kidole cha mtoto."

Nilivuta chuma kile asubuhi iliyofuata. Kilitoka chote, kirefu kuliko Jamali mwenyewe, na ndani yake sponji ilikuwa imegeuka unga mweusi. Nilikwangua mpaka kikang'aa. Kisha nikachukua mkasi, nikaenda kwenye kigodoro cha Jamali.

"Unakwenda wapi na mkasi?" Bi Adija aliita.

"Nakata pembeni tu, mama. Hatajua."

"Cha mtoto hukati." Aliinuka kwenye mkeka, akaingia chumbani kwake, akalifunua shuka la kitanda chake mwenyewe. "Kata hapa, upande wa ukutani. Ila mbavu zikiniuma, utamwandikia huyo Marit aje anikande."

Nikakata. Tukaubandika ukanda kwa gundi, yeye ameshika ncha hii, mimi ile, tukarudisha chuma mahali pake. Nikabonyeza sindano. Ikanisukuma kidole. Nikapanga uzi wa kijani, nikasukuma kigari: krrr. Mstari mzima, vitanzi vyote vimekaa. Krrr. Wa pili. Bi Adija alisimama, mkono mdomoni, akiangalia kipande cha kitanda chake kikifuma sweta.

Siku nane, masweta arobaini. Sina la kusimulia zaidi ya mgongo kuuma na Jamali kulala miguuni pangu kwenye mabaki ya nyuzi. Mwalimu Zipora alikuja Jumamosi kama alivyosema. Alivuta shingo ya sweta la kwanza, akavuta ya pili, akayageuza ndani nje. Halafu akamwambia mtu aliyekuja naye, "Shika taratibu, usimkunjie fundi kazi yake."

Jumatatu niliingia kafe kumshukuru Marit. Nilimwambia kuhusu godoro, na nikamuuliza lile swali la mama mkwe. Kabla sijatoka nikaona barua mpya ya kundi, imeandikwa na mwanamke wa Bolivia. Haikuwa na salamu wala jina la mtoto. "Mashine inaangusha vitanzi. Msaada, haraka."

"Huyo amerusha jiwe," Joha akasema.

Nilimpakata Jamali vizuri, nikaanza kuandika:

"Karibu ndani, keti. Hujambo? Nyumbani hawajambo? Sasa bonyeza sindano moja kwa kidole, uniambie inakusukuma au inalegea. Mimi ni Shamimu, fundi, Dodoma."