Naisula na Majani ya Sale

Kwetu Machame jani la sale halikataliwi. Hata kama mmegombania shamba mpaka mapanga yametoka, aliyekosa akichuma jani hilo kwenye ua wa mpaka na kumpelekea aliyemkosea, lazima asamehewe. Nilipohamia Elerai kwa mwanangu Elisaria nilipanda masale kuzunguka uwanja wote, na mjukuu wangu Naisula alipoanza kuuliza maswali nikamweleza habari hiyo kwa uzito wake.

Mtoto wa darasa la pili, mjanja kama nini, akasikia alichotaka kusikia. Akimwaga maziwa, jani. Akimfinya mdogo wake, jani. Ua ukaanza kuota kipara upande wa jikoni. Mimi ningefanyaje? Napokea, nasamehe, nacheka kichinichini. Baba yake naye ni mtu wa kutangaza adhabu wakati wa chakula na kuisahau kabla vyombo havijaoshwa.

Aliyebaki ni mama yake, Soila, binti wa Kiarusha asiye na maneno mengi. Kanuni yake kubwa ilikuwa moja: geti halifunguliwi na mtoto, maana barabara iko pale pale na waendesha bodaboda wa siku hizi hawana breki wala huruma. Atakayelifungua, mwisho wa wiki hatoki nyumbani.

Siku moja Naisula alilifungua, akawafuata wenzake, na mdogo wake akatoka nyuma yake. Jirani alimnyakua huyo mdogo katikati ya barabara, pikipiki ikapita. Jioni Naisula alikuja na jani lake mikononi, safari hii analia kweli. Jumamosi hiyo watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wanapelekwa kuona maporomoko ya maji chini ya Mlima Meru, na wiki nzima alikuwa hana habari nyingine.

Soila alilipokea jani kwa mikono miwili.

"Nimekusamehe, mwanangu. Kabisa. Na Jumamosi huendi."

Nilichemka. Nikamwambia mkwe wangu kwamba kwetu mtu anayepokea sale halafu akashikilia adhabu hana tofauti na mwongo. Elisaria akajikuna kichwa, akapendekeza tumpunguzie, labda aende na arudi mapema. Soila alisubiri tumalize wote.

"Mama," akaniambia kwa adabu, "hasira yangu imekwisha. Lakini adhabu haikuwa hasira. Nikiiondoa leo kwa sababu amelia, kesho hatajua kama geti ni hatari au ni mama tu aliyeamka vibaya."

Jumamosi mawingu yaliondoka, Meru ukaonekana mpaka kileleni, kama wa kutukomoa. Watoto wakapita barabarani wakiimba. Mimi nikakaa ndani nikingoja kelele na kununiana. Nilipochungulia, mama na mwana walikuwa kibarazani wanamenya ndizi za supu ya mtori. Baadaye Soila alimsuka, akamtania kuhusu pengo la meno ya mbele, wakacheka mpaka kichana kikaanguka. Nimelea watoto, na kwangu hasira na adhabu vilipikwa chungu kimoja. Sikujua kama vinaweza kutenganishwa. Niliwatazama kama niko kanisani.

Miezi ikapita. Ikafika Ijumaa ambayo kesho yake nilikuwa nimpeleke Naisula Machame kwa mara ya kwanza, kwenye kipaimara cha binamu yake. Gauni lilikuwa limeshapigwa pasi. Nilikuwa nimeshajigamba kwa dada zangu wote kwamba nakuja na mjukuu, nao ni wazee, sijui nitawakuta tena wote pamoja lini. Mchana tulikuwa tunachambua maharage, mimi na Soila, Naisula alipotokea uani. Mikono yake ilikuwa mitupu.

"Mama," akasema, "nimefungua geti. Mpira ulitoka nje nikaufuata. Hakuna aliyeniona."

Soila alimuuliza kama anajua maana yake.

"Najua. Kesho siendi na Bibi." Machozi yakaanza kushuka, lakini hakurudi nyuma hata kidogo. "Utakaa na mimi?"

"Nitakaa na wewe."

Mtoto akashusha pumzi, akaja kukaa katikati yetu, akaanza kuchambua maharage huku analia.

Nimeona watu wazima wakivutwa mbele ya baraza la ukoo na ushahidi wote uko mezani, bado wanakana. Huyu alikuja mwenyewe, hakutafutwa, kwenye adhabu ambayo alijua haitasogea, akaiendea kama mtu anayerudi kwao. Nilishikwa na hofu, ile hofu ya heshima, mbele ya kitoto chenye pengo. Na mama yake alikuwa ameyafanya haya bila kelele, ndani ya nyumba hii hii, nami nikimwita mwongo.

Elisaria aliporudi na kusikia, alinitazama mimi, akingoja nianze kumtetea mjukuu wangu kama kawaida. Nilitamani sana kwenda na Naisula.

Asubuhi nilipanda basi la Moshi peke yangu. Sikuwa nimemwombea msamaha kwa mama yake.