Vidole Viwili

Jumapili, tarehe 19 Novemba 2006, saa saba kasoro dakika kumi mchana, manyunyu ya baridi yakiwa hayajakatika tangu alfajiri, Jairus alivua koti lake mlangoni mwa mkahawa mmoja karibu na Hurst Street, akalikunja mara mbili, upande wa ndani ukiwa nje, kama alivyofundishwa bwenini miaka ishirini na mitano iliyopita. Alikuwa ametoka zamu ya usiku na hakuwa amelala. Macho yalimwasha kana kwamba yametiwa mchanga, lakini tai ilikuwa imenyooka.

"Shemeji, hata tai?" Tevin, ndugu mdogo wa mkewe, alimtania. "Hapa ni kula tu. Hakuna mtihani."

"Mtu akikualika kwake, unavaa."

Aliyewaalika ni Bwana Cheung, Mchina wa Kantoni mwenye mkahawa ule. Baba yake, mpishi mstaafu aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi, alikuwa amefariki wiki tatu zilizopita katika nyumba ya wazee kule Castle Vale, ambako Jairus alikuwa mhudumu wa usiku. Kwa miezi minane Jairus alimwosha mzee yule, akamgeuza kila baada ya saa mbili ili ngozi isichubuke, na kila asubuhi kabla ya kuondoka alimnywesha chai kwa kijiko, chai iliyotiwa unga wa kuifanya nzito ili isimpalie. Siku ya mazishi Bwana Cheung alimshika mikono yote miwili, akasema ana deni kwake lisilolipika, na kwamba walau aje na watu wake wale chakula cha mchana. Jairus alikataa mara mbili. Mara ya tatu Kerubo, mkewe, alimwambia kwamba kukataa sana nako ni kiburi.

Bwana Cheung alikuwa amepiga simu mapema kuuliza wanachokula na wasichokula. Wao ni Wasabato; basi nguruwe hakuletwa, wala kamba wa baharini. Vilikuja vikapu vidogo vya mianzi vikifuka mvuke: vipande vya ng'ombe kwa tangawizi, maandazi meupe yenye kuku ndani, uji wa mchele, na mwisho miguu ya kuku katika mchuzi mwekundu. Tevin aliitazama miguu ile kwa huzuni. Alisema amekaa angani saa nane akiikimbia miguu ya kuku ya bibi yake, kumbe imemtangulia kufika.

Kerubo alicheka hadi akafuta macho. Jairus alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho alimsikia akicheka hivyo. Mkewe alifanya kazi mchana, yeye usiku. Nyumbani kwao, kule Shard End, walikutana mlangoni, wakapeana ufunguo na habari za mtoto kama askari wanaobadilishana lindo. Mtoto mwenyewe, Nyanchama, miaka kumi, alikuwa akimkodolea baba yake macho sasa hivi, maana Jairus alikuwa ameivuta sahani ya bintiye na kumkatia nyama vipande vidogo vidogo bila kujijua. Nyanchama alimwambia, kwa Kiingereza, kwamba yeye si mmoja wa wazee wake.

Bwana Cheung alipita, akawaambia kwamba meza ile ni yao kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, bila malipo, maadamu yeye yu hai. Kerubo alimtazama mumewe, na uso wake uliokuwa umechoka kwa miaka mingi ulikuwa umefunguka.

Kisha Bwana Cheung akaenda kuwamiminia chai wazee wa meza ya jirani. Mmoja wao, bila kukatiza maongezi yake, aligonga kitambaa cha meza kwa vidole viwili, mara mbili. Nyanchama aliuliza kwa nini.

"Ni shukrani yetu," alisema Bwana Cheung. "Mdomo ukiwa umejaa, au ukiwa na mazungumzo, vidole vinasema asante. Baba yangu hakuacha kamwe. Hata ulimi ulipomfia, vidole vilibaki na adabu."

Jairus aliweka kijiko chini.

Vidole viwili, mara mbili, juu ya chuma cha kitanda cha mzee. Kila asubuhi, baada ya kijiko cha mwisho. Mlio ule aliujua tangu utotoni. Shuleni kwao wanafunzi wakubwa waligonga chuma cha kitanda namna hiyohiyo, na mono, mgeni wa kidato cha kwanza, aliyelala karibu alipaswa kuruka na kwenda kuchota maji gizani. Jairus aliyachota mwaka mzima. Alipofanywa kiranja aliupiga marufuku mchezo ule, na hakuna jambo alilojivunia zaidi maishani. Alidhani mzee yule anamwamrisha vivyo hivyo, akamvumilia kwa miezi minane, lakini asubuhi moja, baada ya zamu mbili mfululizo, alimwinamia sikioni akamwambia, "Mimi si mtumwa wako wa kugongewa." Akauchukua ule mkono, akauweka chini ya blanketi, akalichomeka blanketi chini ya godoro hadi likakaza. Katika kitabu cha taarifa aliandika: Ametulia. Mkono haukugonga tena. Siku ya nne mzee alifariki.

Pale mezani hakuna aliyemwona akibadilika. Kerubo alikuwa akimpakulia mumewe uji.

Jairus aliinuka, akafunga kifungo cha koti la suti, akamfuata Bwana Cheung hadi kaunta.

"Huna deni kwangu," alisema. Alisimama wima, mikono nyuma, akaeleza yote: neno alilolisema, blanketi, upindo aliouchomeka.

Bwana Cheung alipangusa kaunta iliyokuwa kavu.

"Alikutazama?"

"Alinitazama."

"Halafu?"

"Niliondoka. Nilikuwa nimechoka. Hiyo si sababu."

Kisha Bwana Cheung alichukua kalamu, akaandika kikapu baada ya kikapu, uji, na chai ya watu wanne. Pauni thelathini na nane. Jairus aliweka noti mbili za ishirini. Akarudishiwa pauni mbili.

"Sasa hatudaiani," alisema Bwana Cheung.

Jairus alirudi mezani na risiti mkononi. Kerubo aliiona, akamtazama usoni, akaelewa kwamba Jumapili zile zimekwisha kabla hazijaanza. Alimsogezea bakuli la uji.

Baadaye Bwana Cheung alikuja na birika, kama alivyozizungukia meza zote, akawamiminia mmoja mmoja. Kikombe cha Jairus kilikuwa cha mwisho. Kilijaa, mvuke ukapanda. Jairus aliutoa mkono chini ya meza, akauweka juu ya kitambaa cheupe. Vidole vilikuwa vizito kama vya mtu mwingine.

Bwana Cheung alisimama na birika, akangoja.