Siku Waziri Mkuu Alipoingia Bungeni kwa Madaha

Spika wa Bunge alimbeba Waziri Mkuu mgongoni. Msidhani napamba maneno: alimbeba kweli, kwa kitambaa, mama yao akiwa kazini, na mtoto akamlowesha kila alipojisikia. Yeye kifungua mimba, yule kitindamimba. Kwa hiyo kiti cha Spika kilipobaki wazi, Waziri Mkuu aliwasukuma wabunge wa chama chake wamchague dada yake, akajisemea moyoni: huyu wangu, hawezi kunikatalia.

Akasahau kwamba aliyekufuta kamasi hakuogopi.

Haukupita muda, Waziri Mkuu akaleta muswada wa kupanga upya kazi za Serikali. Kwa nje mzuri, umenyooka. Lakini tumboni mwake mlikuwa na kifungu kimoja: Serikali iweze kulifunga Bunge siku yoyote, na kulifungua ikipenda. Spika alikisoma, akavua miwani, akaifuta, akakisoma tena. Kikipita hiki, joho lake litabaki vazi la kupigia picha, na wabunge watakuwa kama kuku: wakifunguliwa watoke, wakifungiwa walale. Na kupita kingepita, maana wabunge wa ndugu yake walikuwa wengi, na Spika hapigi kura.

Jumapili ndugu yake alikuja kula kwake, pamoja na mkewe.

"Mdogo wangu," Spika alimwambia akimwongezea mchuzi, "kile kifungu kitoe."

"Dada, hizo siasa. Wewe gonga meza, sema waliosema ndiyo wameshinda, basi."

"Haya. Ila kesho naanza kwa wakati. Usichelewe."

"Kawia ufike, dada!"

"Huyu?" wifi yake akacheka. "Wifi, hata siku ya harusi alinisimamisha mlangoni mpaka viatu vikanibana."

Waziri Mkuu naye akacheka, akaomba mchuzi tena.

Sasa, bwana yule alikuwa na ugonjwa wake. Hakupenda kuingia ukumbini kama watu. Alikaa garini nje, kiyoyozi kinampuliza, mpaka msaidizi amwambie viti vimejaa. Ndipo ajitome, watu wote wainuke. Spika aliyepita alimzoesha: alimsubiri kwa matangazo marefu, akiishiwa anakunywa maji, funda baada ya funda. Tena safari hii Waziri Mkuu aliwaonya mawaziri wake: "Muswada huu nausoma mimi. Atakayeugusa atafute kazi nyingine."

Na kanuni ya Bunge ilikuwepo tangu zamani, imelala tu kwa kukosa wa kuiamsha: mwenye shughuli akiitwa asiwepo, na pasiwe na waziri wa kumshikia nafasi, shughuli yake imeanguka. Hairudi mpaka Bunge lenyewe likubali.

Asubuhi kengele ililia. Spika akaingia, dua ikaombwa, Katibu akasoma shughuli ya siku. Ilikuwa hiyo hiyo moja.

"Mheshimiwa Waziri Mkuu!" Spika akaita.

Mawaziri wakaangalia viatu vyao.

"Waziri wa Fedha, utamsomea?"

Waziri wa Fedha akanyanyuka nusu. "Mheshimiwa Spika, mimi... koo hili..." Akarudi kitini.

"Waziri wa Maji?"

"Mimi muswada huo hata siujui, Mheshimiwa."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mbunge mmoja wa viti vya nyuma, mama mnene aliyekuwa fundi cherehani kabla ya siasa, na ambaye wenzake wa pande zote walimsikiliza, akapaza sauti: "Asiyekuwepo na lake halipo!"

"Utulivu," akasema Spika, naye anajing'ata shavu asicheke. Akaita mara ya pili. Akaita ya tatu, polepole, asije mtu akasema amemvizia.

"Muswada umeanguka. Naahirisha kikao."

Akainuka, na kama ilivyo desturi, Bunge zima likainuka kumpisha. Hapo hapo mlango mkubwa ukafunguliwa, Waziri Mkuu huyo, suti inameremeta. Alipoona wote wamesimama, alitabasamu mpaka masikioni, akapunga mkono.

"Ketini, waheshimiwa, ketini!"

Hakuketi mtu. Spika alimwona kwa pembe ya jicho akitembea kwa madaha hadi mbele, akifungua jalada lake, akisafisha koo. Ndipo akatazama juu, akakuta kiti cha Spika kitupu.

Alimfuata ofisini anahema. "Dada! Umenifanya nini?"

"Humu ndani mimi ni Mheshimiwa Spika. Dada yako yuko nyumbani."

"Nitakuondoa!"

"Kwa kura za nani? Hata wabunge wako wamekucheka leo."

Waziri Mkuu akakaa bila kukaribishwa. "Mheshimiwa Spika... nifanyeje?"

"Liombe Bunge."

"Mimi? Niwaombe hawa?"

"Hao hao uliotaka kuwafungia. Saa hizi wako kantini."

Kantini ya wabunge Waziri Mkuu hakuwa ameikanyaga tangu apate cheo. Spika alikuwa kwenye foleni ya chai alipomwona anaingia bila msaidizi, anapita katikati ya meza, watu wanatafuna wanamtazama. Hakuinuka hata mmoja. Akasimama mbele ya yule mama fundi.

"Mheshimiwa, muswada wangu urudi."

"Unaagiza au unaomba?"

Waziri Mkuu akamtupia dada yake jicho la kuomba msaada, jicho la utotoni kabisa. Dada akageukia sukari.

"Naomba."

"Na kile kifungu cha kutufunga?"

"Nakitoa."

Yule mama akamsogezea kiti kwa mguu. "Basi subiri hapo, baba. Tukimaliza kula tutakusikiliza."