Chanzo cha Upepo

Meza yangu ina sheria, asiyezitaka mlango uko wazi. Mimi ndiye naendesha mchezo: naeleza mapango na majitu, wenzangu wanaigiza wahusika wao, dadu inaamua nani apone. Baba hataki kusikia neno "mchawi" nyumbani kwake, kwa hiyo wahusika wetu tunawaita mafundi. Fundi wa moto, fundi wa maji, fundi wa udongo. Na fundi kwangu hapewi nguvu za bure. Anayemuunda lazima anionyeshe chanzo kwa kidole, kitu halisi cha humu ndani. Nilichoka na watu wanaoniambia moto umetoka mbinguni. Mbinguni wapi? Uvivu tu.

Shemeji, mume wa dada yangu, ni fundi bomba, akaunda fundi wa maji. Tulimcheka kwamba hata siku ya mapumziko kazi haimtoki. Chanzo chake kilikuwa tangi la nyuma ya nyumba. Jumamosi iliyopita jitu la mawe likamponda fundi wake, akafa. Shemeji akaenda kunawa mikono, bomba likakohoa hewa. Tangi tulilolijaza asubuhi lilikuwa kavu, hata unyevu hakuna. Alilikagua mwenyewe, maungio yote, hakuona panapovuja. Alirudi akicheka, ila kicheko chenyewe kilikuwa cha kujilazimisha. Tukasema ni bahati mbaya, tukafunga mjadala.

Leo mchana tumekaa tena sebuleni. Wifi yangu, msusi, amekuja na fundi wa moto, chanzo chake jiko la gesi. Mumewe ni mdogo wangu, tunamwita Domo, naye ameunda fundi wa upepo. Nguvu zote kazirundika kwenye pigo moja, uhai kamwachia kiduchu, kitu nilichomkataza tangu lini. Nikamuuliza chanzo. Wala alikuwa hajafikiria. Chumba cha pili mlango ulikuwa wazi, Baba amelala baada ya chakula, anakoroma kwa raha zake. Domo akanyoosha kidole kule, akasema upepo ndio ule. Walicheka hadi machozi. Mimi nilinuna, lakini kilikuwa kitu halisi cha humu ndani, sikuwa na pa kumkatalia.

Wakaingia pangoni, jitu likawatokea. Domo akarusha dadu, fundi wake akavumisha upepo, na kule chumbani mkoromo ukakatika. Tukasubiri. Ukarudi, mwembamba. Zamu yake ilipofika tena Domo alisita, lakini jitu lilikuwa limemkaba fundi wa mkewe, akavumisha tena. Safari hii kimya hakikuisha.

Wifi alikimbilia chumbani. Tulimsikia akimwita Baba, akimpiga mashavuni, kisha akatupigia kelele kwamba midomo imebadilika rangi. Nikataka kufagia kila kitu mezani. Shemeji akanishika mkono. Akanikumbusha sheria yangu mwenyewe: mchezo ukivunjwa katikati, fundi aliye vitani anahesabiwa amekufa. Na tangi sote tuliliona. Nilimchukia Domo wakati ule, sifichi, yeye na utani wake usiojua mipaka.

"Nabadilisha chanzo," Domo akasema. "Niweke mimi."

Hilo linaruhusiwa, mradi kitu kiwe chako mwenyewe. Nilimtazama huyu mjinga niliyembeba mgongoni akiwa mchanga. Nikaitikia kwa kichwa. Kule chumbani Baba akavuta pumzi ndefu, akakohoa, akauliza nani anampiga makofi. Wifi akaangua kilio cha furaha. Hakuwa amesikia kilichosemwa mezani.

Domo alikuwa ameacha kupumua. Hakuhangaika wala kujishika koo. Kifua kilisimama tu, macho yananitazama. Upepo wake ulikuwa bado unavuma pangoni, na zamu ilikuwa ya jitu. Likimpata fundi wake, kwa uhai ule aliobaki nao, kwisha habari.

Dadu za majitu narusha mimi, nyuma ya kipande cha katoni ili wasione. Sijawahi kudanganya matokeo, hata wakiniita katili, na wananiita hivyo kila wiki. Nikarusha. Dadu ikazunguka, ikatulia, nikaiona. Nikaifunika kwa kiganja.

"Limekosa," nikasema.

Upepo ukatulia pangoni, Domo akavuta hewa. Shemeji akainamisha kichwa mezani. Wifi akatoka na Baba, amemshika mkono, Baba analalamika kwamba watu wa nyumba hii hawajui kuheshimu usingizi wa mtu mzima. Shemeji na Wifi wakacheka kwa kelele kuliko utani wenyewe ulivyostahili. Domo hakucheka. Amekulia mikononi mwangu, ananijua.

"Dada, ilikuwa ngapi?"

"Limekosa."

"Sijauliza hilo."

Jua limeshahama dirishani, chakula cha jioni kimepakuliwa, sahani yangu wameniletea hapa hapa na imepoa. Baba anauliza nimemwagiwa gundi au nini. Domo amekaa mbele yangu, anapumua taratibu, kila pumzi naisikia, macho yake hayatoki kwenye kiganja changu. Mkono umekufa ganzi mpaka begani. Siuondoi.