Mvua ya Septemba, Marangu

Profesa Aikaeli, mtaalamu wa ikolojia anayejulikana hadi Ulaya, alikuwa na miaka kumi na tisa akifuatilia jinsi mvua inavyopungua na msitu wa Kilimanjaro unavyokauka. Kipimo pekee cha mvua ambacho hakikuruka hata siku moja kilikuwa cha kwetu Marangu, katikati ya kihamba, shamba letu la migomba na kahawa. Bibi yangu Salvina alikisoma kila asubuhi saa tatu, mvua ikinyesha anajifunika gunia, anaandika kwenye daftari. Alipofariki mwaka jana, profesa akanipa mimi kazi hiyo.

"Filbert, kusoma namba moja kwa siku hutashindwa," aliniambia mbele ya wanafunzi wake. Wakacheka. Ni yeye aliyenikamata chuoni nimepika takwimu, nikafukuzwa mwaka wa tatu.

Basi Septemba hii, jua linachoma, nikaanza kumimina maji kwenye kipimo. Siku nne. Namba namtumia kwa simu. Nilitaka tu apande mlima mbio, nicheke, yaishe.

Akaja kweli, viatu vimejaa vumbi. Akaangalia kahawa iliyoanikwa uani, kavu kabisa.

"Shikamoo, prof."

"Marahaba. Umemwaga maji humu."

"Mvua ya huku inachagua kiwanja."

Akakaa kwenye kigoda, madaftari mapajani. Kitabu chake kilikuwa kinaenda kuchapwa Ijumaa, na chote kimesimama juu ya kurasa hizo.

"Hizi siku nne nazifuta. Ulianza lini?"

Nilianza Jumatatu. Nilikuwa nafungua mdomo niseme hivyo, akaongeza, "Bibi yako alikuwa mtu. Wewe sijui umetokea wapi."

"Bibi?" nikasema. "Prof, bibi alikuwa anakisia. Mvua ikinyesha hatoki nje. Anaandika jikoni, anamenya ndizi."

Uongo mtupu. Akafungua daftari la zamani.

"Siku za mvua mwandiko wake unatetemeka," alisema taratibu. "Nilidhani ni baridi."

"Alikuwa anaogopa dhambi."

Akampigia simu mchapishaji wake. "Kisitoke. Hapana, siyo kusogeza mbele. Kisitoke kabisa."

Nikambebea madaftari mpaka kwenye gari, kwa adabu zote. Zilikuwa hatua kama mia, na kila hatua ningeweza kusema natania.

"Angalia utelezi, prof," nikamwambia.