Mstari wa Maharage Mekundu

Nafundisha kilimo chuo kikuu, na mwizi wa maharage alikuwa amenikosesha usingizi. Shamba langu la utafiti lina mistari ya mbegu mpya, zile tunazotarajia zitapunguza njaa, na kila nikienda nakuta mstari mmoja tu, wa maharage mekundu, umechumwa. Mingine haijaguswa! Mwizi gani huyu mwenye dharau?

Nikajificha nyuma ya tangi la maji. Alfajiri nikamdaka: mwanafunzi wangu mwenyewe, tena yule anayekaa mbele darasani.

"Shikamoo, mwalimu," akasema, kanga yake imejaa maharage.

"Shikamoo ya nini? Kwa nini mstari huu tu?"

"Ndio unaoiva upesi, mwalimu. Ile mingine tuliijaribu, gesi ikaisha maharage bado magumu kama kokoto. Bweni zima tukalala njaa."

Tulikuwa tumepima mvua, wadudu, mavuno, hata upana wa majani. Kupika? Hakuna aliyewahi kupika.

Nikamwamuru alete sufuria na bweni lake lote. Tukavuna kila kitu, tukapika kila aina mpaka punje ya mwisho, mbele ya mkuu wa kitivo. Mekundu yakaiva kwanza, watu wakasukumana. Mkuu akasimama, akatangaza kwa madaha:

"Hii ndiyo mbegu ya kuwapa wakulima! Iko wapi?"

Sote tulikuwa tunaitazama sahani yake, aliyokuwa akiikomba kwa kidole.